Mtoto anaona ua usiloliona? Mpe simu alipige picha

“Baba, hili siyo ua moja. Yapo mengi humu ndani!”

Binti wa miaka tisa amechuchumaa pembeni ya uzio, ameshika ua la kishona nguo. Baba anainama, anakunja uso, kisha anarudisha kichwa nyuma. Anachokiona ni doa la njano tu. “Ua ni ua, mama. Twende tukanywe chai.”

Nyumba nyingi mazungumzo kama haya huishia hapo, na mtoto ndiye anayeonekana amekosea. Lakini binti huyu yuko sahihi. Kile tunachokiita ua la kishona nguo ni mkusanyiko wa vijiua vingi vilivyobanana pamoja, vile vya katikati kila kimoja kikiwa kama mrija mwembamba. Kijiua kikikomaa hutoa mbegu moja, ile nyeusi yenye meno inayong’ang’ania sketi na soksi. Ua la alizeti nalo limeundwa hivyo hivyo.

Kwa nini baba hakuona?

Siyo kwamba amepuuza. Ndani ya jicho kuna lenzi inayobadilika umbo ili tuone vitu vya karibu. Utotoni lenzi hiyo ni laini, hivyo mtoto wa umri huo mwenye macho mazima anaweza kuona vizuri kitu kilicho sentimita 10 tu kutoka usoni. Umri ukisogea, lenzi hukakamaa. Kuanzia miaka ya 40 wengi hujikuta wanasogeza simu au gazeti mbali ili wasome.

Kwa hiyo baba na binti wanatazama ua lile lile, na kila mmoja anasema kweli. Picha ya karibu inaweza kuwaonyesha kitu kimoja, kwa sababu kwenye kioo cha simu ua la ukubwa wa kifungo linajaa kiganja.

Namna ya kupiga

Futa kwanza lenzi ya simu kwa kitambaa laini. Alama za vidole huharibu picha nyingi.

Usisogeze simu karibu mno. Kamera nyingi za simu hushindwa kulenga kitu kilicho sentimita chache mbele yake. Anza na sentimita 10 hadi 15, gusa ua kwenye kioo, subiri litulie, kisha piga. Baadaye kata pembeni ibaki sehemu unayoitaka. Kama simu ina makro, mara nyingi utaikuta kwenye kamera kwa alama ya ua dogo.

Toka asubuhi kabla upepo haujaanza, kwani ua dogo likitikisika kidogo tu picha inaharibika. Jua likiwa kali, mtoto mmoja akinge kivuli. Mpigaji aegemeze viwiko chini au magotini, na apige picha tano au sita. Moja itatoka.

Mwache mtoto aliangalie ua kwa macho kwanza ndipo achukue simu. Maua ya mnafu, mchicha na kifauwongo ni mazuri kwa kuanzia.

Faida ya kutoka nje

Utafiti uliofanyika shule za Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2015 uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, wakati kwa wale ambao hawakuongezewa muda ilikuwa asilimia 39.5. Kinachosaidia ni kuwa nje kwenye mwanga wa mchana, siyo picha yenyewe. Na mtoto ambaye tayari haoni mbali, kucheza nje hakuchukui nafasi ya miwani.

Tahadhari

Uzio wa minyaa usichezewe. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza na unaweza kuharibu uwezo wa kuona. Ikitokea, osha jicho mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke mtoto hospitali. Usimwekee maziwa ya mama wala dawa ya kienyeji. Mfundishe pia kutoonja ua lolote na kunawa mikono akirudi ndani.

Tumia nafasi hiyo kumchunguza. Je, anakunja macho ili aone mti ulio mbali? Analalamika haoni ubaoni? Anasogelea sana televisheni? Mpeleke akapimwe macho.

Na wewe mzazi ujiangalie. Kama ua uliliona kwenye picha tu, huenda umefikia umri wa miwani ya kusomea. Siyo aibu wala siyo ugonjwa wa kutisha, lakini kapime kabla ya kununua miwani, maana presha ya macho inaweza kuharibu uwezo wa kuona taratibu bila maumivu yoyote.

Mwishoni mwa wiki hii mtoto akikuita uone kitu, nenda. Usipokiona, usimwambie hakipo. Mpe simu akuonyeshe.