Usimdharau mhadhiri wa Java, hata kama akili unde inakuandikia programu

Kama unasomea kompyuta katika chuo chochote nchini, bila shaka umeisikia hoja hii kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa: mbona tuhangaike na Java na C++ wakati akili unde inaandika programu nzima kabla maji ya chai hayajachemka? Na ukimwambia mwenzako kwamba unataka uzamili, kisha uzamifu, uwe mtafiti wa lugha za programu, atakutazama kama mtu aliyepotea njia. Eti ukafundishe chuoni usubiri mshahara? Mgomo wa wahadhiri wa 2025, uliolemaza masomo katika vyuo vya umma kwa siku 49, haukusaidia kuipamba kazi hiyo.

Hoja ya pesa ina uzito na nitairudia. Ile ya kwanza inatokana na kutojua watu hawa hufanya nini hasa.

Anzia Oslo, miaka ya 1960. Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walifanya kazi katika Kituo cha Kompyuta cha Norway. Walitaka kuiga foleni na mitambo kwa kompyuta ili wajue msongamano unatokea wapi. Mfano mmoja waliokuwa nao ni wa daraja la kulipia: malori na mabasi yamepanga foleni, kila moja na tabia zake, lakini yote ni magari. Kama umewahi kukwama kwenye kituo cha malipo cha Expressway hapa Nairobi, shida yao unaielewa. Suluhu ikawa hii: eleza "gari" mara moja tu, halafu basi na lori yarithi sifa hizo na kuongeza zao. Hapo ndipo Simula 67 ilipotoka, pamoja na klasi, vitu na urithi, mambo ambayo wewe unayakariri usiku wa kuamkia mtihani.

Simula yenyewe haikuenea sana. Lakini Bjarne Stroustrup aliitumia akifanya uzamifu Cambridge, na alipoingia Bell Labs mwaka 1979 akaanza kuchanganya mawazo yake na lugha ya C. Ndiyo C++ hiyo. Dahl na Nygaard walipata Tuzo ya Turing, ile inayoitwa Nobel ya kompyuta, ya mwaka 2001. Mwaka uliofuata wote wawili wakafariki. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 30 kati ya kazi na tuzo.

(Nygaard hakuwa mtu wa kujifungia ofisini, kama unadhani maprofesa wote ni hivyo. Miaka ya 1970 alishirikiana na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma ili wawe na sauti kuhusu kompyuta zilizokuwa zikiletwa kazini. Baadaye akaongoza kampeni ya kupinga Norway kujiunga na Umoja wa Ulaya, na kwenye kura ya maamuzi ya 1994 upande wake ukashinda.)

Kazi nyingine ya watafiti hawa ni kuweka sheria. Barbara Liskov wa MIT, katika hotuba ya 1987, alieleza wazo ambalo leo lina jina lake: popote programu inapotarajia kitu cha aina fulani, ukiiletea mrithi wa aina hiyo, isishtuke. Chukua klasi ya akaunti ya akiba inayorithi akaunti ya kawaida. Kama akaunti ya kawaida inaahidi kutoa pesa wakati wowote na ya akiba inakataa, ahadi imevunjwa, na mteja ndiye atalia. Liskov alipata Tuzo ya Turing ya 2008.

Sasa turudi kwa akili unde. Mtambo huo ulijifunza kutokana na programu zilizoandikwa na watu, makosa yao yakiwemo. Unakupa mistari 500 inayosomeka vizuri sana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kosa lililovaa suti halishukiwi. Nani atalinasa? Mara nyingi ni lugha yenyewe, kupitia kanuni za aina zinazokataa programu isiyo na mantiki hata kabla haijaendeshwa. Kanuni hizo zilichukua miaka kukomaa. Martin Odersky na Philip Wadler walianza kutafuta namna ya kuipa Java orodha zinazojua zimebeba nini katika miaka ya 1990. Java ya kawaida ikazipata mwaka 2004. Kwa maoni yangu, kadiri programu zinavyoandikwa bila mtu kuzisoma, ndivyo tunavyohitaji zaidi lugha zinazojua kusema hapana.

Tena mjadala haujafungwa. Lugha mpya kama Go na Rust zimeutupa urithi wa klasi kabisa. Mnamo Februari 2024, Ikulu ya Marekani ilitoa ripoti ikiwahimiza watengenezaji waachane na lugha zinazoruhusu makosa ya kumbukumbu, C na C++ zikitajwa. Stroustrup, ambaye sasa ni profesa Columbia, amekuwa akiitetea lugha yake.

Kuhusu pesa, nisikudanganye. Kampuni za programu zitakulipa mapema kuliko chuo, na uzamifu utakula miaka yako ya ujana huku wenzako wakinunua magari. Usiingie kwa sababu ya cheo cha daktari. Afadhali hii si fani ya maabara ya mamilioni: laptopu inatosha kuanzia, na vitafsiri vya Java na Scala viko wazi mtandaoni, kila mstari, bure.

Ukitaka kujipima, chukua programu ambayo akili unde imekuandikia wiki hii. Tafuta klasi moja iliyorithi nyingine, kisha jiulize kama Liskov angeikubali. Ukijikuta bado uko macho saa nane usiku ukibishana na skrini, zungumza na mhadhiri wako.