Bondia Asiye na Filamu

Ukisema unasoma Historia na kwenu ni Kibiti, utaulizwa kuhusu meli ya Kijerumani, Königsberg, iliyozama kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Haya, meli ina vitabu na picha. Sasa nenda banda umiza lolote la Kibiti usiku wa pambano, uliza Titus Simba ni nani. Vijana wanaokusimulia mapambano ya Mwakinyo raundi kwa raundi, wanaobishana juu ya Mandonga mpaka mwenye banda anatishia kuzima runinga, watakujibu kwa swali: huyo wa wapi?

Wa hapa hapa. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, uzito wa kati, Simba alifika fainali akarudi na medali ya fedha. Aliyemshinda ni John Conteh wa Liverpool, kijana wa miaka 19 ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Miaka minne baadaye Conteh akawa bingwa wa dunia wa WBC.

Mtaniambia fedha si dhahabu, watu hukumbuka washindi. Uongo! John Stephen Akhwari tunamkumbuka kwa kuwa wa mwisho kumaliza marathoni, Mexico 1968, mguu umefungwa bandeji. Namheshimu mzee huyo kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini picha ile tumepewa na Mmarekani, Bud Greenspan, mtengeneza filamu. Edinburgh, michezo ileile ya Simba, Akhwari alishika nafasi ya tano kwenye marathoni. Nani anaisema hiyo? Mwafrika anayechechemea ana soko; Mwafrika mzima, hodari, aliyejiandaa, hana. Nasi tumekubali kuchaguliwa cha kukumbuka.

Sisi wa uzamili ndio wa kulaumiwa zaidi. Tunawapenda Wajerumani kwa sababu nyaraka zao zimepangwa vizuri, basi. Ngumi tunaziona mambo ya wahuni. Kijana wa Kibiti akitaka ngumi za kweli anapanda basi mpaka Mbagala, bila kujua kwamba Mtanzania alishafika fainali ya Edinburgh kabla baba yake hajazaliwa.

Wazee waliomwona Simba ulingoni wanazidi kupungua. Simu za kurekodi tunazo mfukoni.