Sare Ibaki Kambini Siku ya Kwanjula

Kaka yangu ni luteni katika jeshi la Uganda, UPDF. Mwezi wa Desemba atakwenda Masaka kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, sherehe ambayo sisi Waganda huiita kwanjula. Juzi aliuliza mbele ya ukoo mzima: avae kanzu kama wenzake, au avae sare yake ya sherehe, ile yenye vifungo vinavyong'aa na nishani kifuani? Wajomba walipiga makofi kwa ajili ya sare. Baba alicheka tu. Mimi nilisema asivae, nikaambiwa kwamba mtoto wa kike anayesoma Kiswahili hajui mambo ya jeshi. Naandika kuwajibu.

Kwa wasomaji wa nchi jirani, kwanjula ni siku ambayo mwanamume anakwenda kuomba. Watu wake husimamishwa langoni na wasichana wa mji ule, hutaniwa, hutozwa faini wakichelewa. Bwana harusi mwenyewe hasemi. Msemaji wake ndiye anayejibu maswali na kupiga magoti kwa niaba ya wote. Yeye hukaa kimya katikati ya wenzake waliovaa kanzu na makoti, mpaka shangazi wa msichana aje amtambue. Uzuri wote wa sherehe uko hapo: mtu mwenye gari na mtu asiye na baiskeli huonekana sawa, na wote ni waombaji.

Mwaka jana kaka alikwenda na sare hiyo katika kwanjula ya binamu yetu, akiwa msindikizaji tu. Tulichelewa saa nzima. Wasichana langoni walipomwona walipisha njia bila kudai hata shilingi. Msemaji wa upande wao, mzee mwenye mdomo mtamu sana, alipunguza utani wake. Mzee mwingine aliinuka akampa kaka kiti chake. Tangu asubuhi hadi jioni hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na baba yetu, aliitwa "afande". Kaka alirudi nyumbani akisema ameheshimiwa. Mimi niliona watu wameogopa kidogo, wakaficha hofu yao kwa adabu.

Hofu hiyo ina historia. Nyanya yetu alikuwa msichana Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971. Mpaka leo nikimsalimia kwa Kiswahili anakunja uso. Kwake hii ni lugha ya kizuizi cha barabarani, lugha ya "simama" na "lala chini". Amin alipoitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, hakuipunguzia ubaya huo; aliiongezea. Sisi wanafunzi wa Kiswahili wa Uganda tunajua gharama yake. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini bado tunaulizwa kama tunataka kuwa askari. Lugha hii inasafishwa polepole, kwa kuzungumzwa na watu wasio na bunduki. Sare haiwezi kusafishwa hivyo, maana kazi yake ni kutangaza mwenye bunduki.

Na kanzu je? Nayo ilitoka pwani, kama Kiswahili. Waliotuletea katika karne ya 19 walikuwa wafanyabiashara. Sisemi wafanyabiashara wale walikuwa malaika. Lakini vazi lenyewe lilikubaliwa hata likawa letu, na sijawahi kuona mtoto akijificha kwa sababu ya kanzu.

Wajomba wana hoja moja yenye uzito. Wanasema kijana huyu amepigana Somalia, ambako jeshi letu lilitangulia kupelekwa Machi 2007, na ambako askari wetu 54 waliuawa kambini Buulo Mareer Mei 2023. Kwa nini afiche alichokitolea jasho? Nakubali jasho hilo. Sare ina mahali pake: mazishi ya mwenzake, gwaride la Tarehe Sita, hata ibada ya ndoa kanisani akitaka, kwa kuwa pale anaapa mbele ya Mungu na hamwombi mtu kitu. Nishani zake azipachike kwenye koti juu ya kanzu. Raia wanaotunukiwa nishani nchini kwetu hufanya hivyo na hakuna anayeshtuka.

Kuna jambo jingine ambalo wajomba hawalitaji. Raia akikutwa na vazi la jeshi anashtakiwa. Tangu 2019 hata bereti nyekundu, ambayo vijana wa upinzani walikuwa wakiivaa, imetangazwa kuwa mali ya jeshi. Basi mpaka kati ya raia na askari unalindwa kwa ukali, ila upande mmoja tu. Sisi haturuhusiwi kuingia kwao na nguo zao, lakini wao huingia kwetu nazo: harusini, kwenye mahafali, na bungeni, ambako jeshi lina wawakilishi wake 10 na sare zao huonekana katikati ya watu waliochaguliwa kwa kura. Katiba, ibara ya 208, inasema jeshi litakuwa chini ya mamlaka ya kiraia. Wazazi wa msichana huko Masaka ndio mamlaka ya kiraia siku ile. Wana haki ya kusema hapana. Nani atamwambia hapana mtu mwenye nyota mabegani?

Kaka, hili nakuambia wewe. Msichana huyu ulimpata ukiwa umevaa fulana ya mpira. Baba yake amekuuliza mara mbili kwa simu kama utachelewa, maana wasichana wake wamejiandaa kukutoza. Waache wakutoze. Kanzu nimekwisha kuichukua kwa fundi, na urefu wake nilipima kwa ile ya Baba. Pindo likikuzidi niambie kabla ya Novemba.