SOKETI MBOVU NI HUJUMA DHIDI YA MWANANCHI

Mkoa wa Morogoro umelitumikia Taifa kwa umeme kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Mtambo wa Kidatu ulianza kazi mwaka 1975, na uwezo wake ni megawati 204. Mtambo wa Kihansi, katika safu ya Udzungwa, ulifuata mwaka 2000 kwa megawati 180. Mwezi Februari 2024 iliwashwa mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, mradi wa megawati 2,115. Kwa ajili ya umeme huo Taifa limejinyima, limefyeka mapori na kusimamisha nguzo juu ya milima, ili mkulima wa Mgeta na wa Matombo naye aondokane na kibatari.

Lakini safari yote hiyo ya umeme huishia katika kitundu kidogo ukutani, nacho ni tundu la soketi. Kitundu hicho kikiwa kibovu, jasho lote la Taifa huishia katika moshi na majivu. Ndiyo maana hatuoni haya kutumia nafasi hii kuzungumzia kitu ambacho wengine watakiona kidogo mno.

Pita katika maduka ya vifaa vya umeme mjini Morogoro, au katika mji mwingine wowote wa nchi yetu. Utaziona soketi zimepangwa, zote nyeupe, zote zinang'aa, zote zimeandikwa kuwa zinahimili ampea 13. Kwa macho huwezi kuitofautisha njema na mbovu, na hapo ndipo mwenye tamaa alipojenga biashara yake. Soketi njema ina vishikio vya shaba iliyochanganywa na zinki, vyenye mkazo wa kuibana miguu ya plagi miaka mingi. Soketi ya bandia ina bati jembamba la chuma lililopakwa rangi ya shaba. Baada ya miezi michache bati hilo hulegea, plagi ikaanza kucheza, na wenye nyumba wakajifunza kuisukuma kwa kidole au kuiwekea kigingi cha karatasi ili pasi ipate moto.

Hatari iko hapo hapo. Umeme unapopita mahali palipolegea hukutana na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Joto hukilegeza zaidi kishikio, na kulegea kukazaa joto jipya. Wala mwenye nyumba asidhani kwamba sakiti breka itamwokoa. Sakiti breka hukata umeme unapozidi kiwango chake, lakini katika soketi iliyolegea umeme unaweza kuwa wa kiwango cha kawaida kabisa huku plastiki ikiyeyuka. Nyumba huteketea na breka imesimama kimya, haijaona kosa.

Tuitazame hali ya Uluguru hasa. Miteremko ya mashariki ya milima hiyo, huko Kinole na Tegetero, hupata mvua nyingi na ukungu mzito. Nyumba nyingi za wakulima zimejengwa kwa udongo au matofali mabichi, na kuta zake hunywa unyevu. Katika ukuta kama huo bati la chuma huota kutu upesi, na skrubu zinazoshikilia soketi hutoka pamoja na udongo wake. Mwananchi huyo ndiye aliyehitaji kifaa imara kuliko wote, lakini mara nyingi ndiye anayeuziwa kilicho duni kuliko vyote, kwa kuwa mfuko wake ni mdogo na duka liko mbali.

Jambo hili limekuwa zito zaidi sasa kuliko zamani. Umeme ulipokuwa wa taa moja na redio, soketi mbovu ilipata msamaha. Leo Taifa limejiwekea Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Kwa watu wa Uluguru shabaha hiyo ni uhai. Msitu wa milima hiyo ndio unaoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Kila gunia la mkaa linaloshuka mlimani ni deni kwa wajukuu wetu. Sasa mama aliyekubali kuacha mkaa ananunua jiko la umeme la wati 2,000, analichomeka, na katika wiki ya tatu ukuta unanuka moshi. Je, mama huyo atarudia umeme? Atarudia mkaa, na atawaonya jirani zake wote. Aliyemuuzia soketi ile ameichoma nyumba ya mama, na msitu ameukata pia.

Wapo watakaosema, "Mnyonge hana fedha, mwacheni anunue kinacholingana na uwezo wake." Maneno hayo yana sura ya huruma, lakini ndani yake mna dharau. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Tofauti ya bei kati ya soketi mbovu na soketi njema ni bei ya kilo chache za sukari. Nyumba ikiungua, mnyonge hupoteza mavuno, godoro, madaftari ya watoto, na pengine watoto wenyewe. Tajiri anaweza kununua ubovu mara tatu akajenga upya. Maskini hana nafasi ya kukosea hata mara moja, kwa hiyo yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kupata kilicho bora.

Wenye umri wanakumbuka mwaka 1983, wakati marehemu Edward Sokoine, akiwa Waziri Mkuu, aliposimama mbele ya vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wakati ule rafu za maduka zilikuwa tupu, na dhambi ya mlanguzi ilikuwa kuficha sukari na sabuni. Leo rafu zimejaa. Mlanguzi wa leo hafichi bidhaa, bali anaficha ubovu wake. Anaweka jina la kampuni yenye sifa juu ya takataka, anaipa boksi zuri, na anaiuza mchana kweupe huku akitabasamu. Tofauti ni ya mbinu tu, kwani shabaha bado ni ile ile ya kunenepa kwa jasho la mtu mwingine.

Sheria hazikosekani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975, na nafasi ya sheria hiyo ikachukuliwa na sheria mpya ya mwaka 2009. Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. EWURA ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi umeme. Kinachotakiwa ni wakaguzi wasiishie bandarini na katika maduka makubwa ya barabara kuu. Wapande hadi magulio ya milimani, wafungue soketi hadharani, wananchi waone bati lililomo. Na mwenye duka akikamatwa na shehena ya bandia, asiachwe na onyo huku mzigo ukihamia duka la pili.

Mafundi nao wasijifiche nyuma ya wafanyabiashara. Yupo fundi anayepewa fedha ya soketi njema akanunua mbovu, chenji ikabaki mfukoni. Yupo mwenye leseni anayetia sahihi kazi iliyofanywa na kijana asiye na mafunzo, nyumba asiyowahi kuingia. Yupo anayeacha waya wa ethi ukining'inia bila kuungwa, kwa sababu taa zinawaka na mwenye nyumba hajui. Huo si ufundi. Chuo cha VETA cha Kihonda kipo hapo hapo Morogoro kufundisha kazi hii kwa haki, na wanaohitimu wanastahili kulindwa dhidi ya matapeli.

Na sisi wenye nyumba tujisute. Tunagharimia geti la nakshi na vigae vya sebule, kisha tunabana senti kwenye soketi. Dawa si ngumu. Nenda dukani na sumaku ndogo. Ikinata kwenye vishikio vilivyomo ndani, hicho ni chuma, kirudishe. Chomeka plagi, na ikiingia bila kubanwa, kataa. Hakikisha matundu mawili ya chini yamezibwa na kizuizi kinachofunguka pale tu mguu mrefu wa ethi unapoingia, kwa maana kizuizi hicho ndicho kinga ya kidole cha mtoto. Anayekifungua kwa kijiti ili achomeke plagi ya miguu miwili ya duara anaibomoa kinga hiyo kwa mkono wake. Tafuta alama ya ubora ya TBS, na dai risiti, kwa kuwa bila risiti huna pa kushitakia. Jiko la umeme lipewe soketi yake peke yake, lisichangie ekstensheni na birika. Na soketi ikipata joto mkononi, zima, ita fundi, usingoje moshi.

Taifa limeufikisha umeme hadi mlangoni. Hatukubali mtu mwenye tamaa asimame kati ya mlango na chumba, auze moto kwa jina la mwanga. Anayeuza soketi ya bandia kwa kujua ni mhujumu, aitwe kwa jina hilo na atendewe kwa mujibu wa sheria.