MGENI KATIKA NYUMBA YA BABA YAKE



Maoni yetu ya safari hii tunayaandika tukiwa Misigiri, katika Wilaya ya Iramba, pale njia ya kwenda Kiomboi inapoachana na njia kuu itokayo Singida kuelekea Nzega. Huku bahari iko mbali. Lakini mtu wa visiwani hapotei. Hata huku utamkuta nyuma ya meza ya duka, na khabari za kwao humfikia. Na swali moja limetufikia mara nyingi kutoka kwa jamaa zetu waliotawanyika Uingereza, Kanada na kwengineko. Wanauliza: "Mimi nina paspoti ya huku. Nataka kuja nyumbani mara mbili au tatu kwa mwaka, kumwangalia mama, kuzika, kuoza. Je, niingie kwa viza gani, na nikitoka nitarudije?"

Swali hili wengine hulifanyia maskhara, wakasema ni swali la wenye pesa. Sisi hatulioni hivyo. Ndani ya karatasi ya viza mna jambo kubwa zaidi kuliko ada yake. Mna swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Kwa hivyo tutaanza na sheria ilivyo, kisha tutasema tunachokitaka.

Sheria ilivyo ni hivi. Mtu wa nchi ambayo raia wake hutakiwa viza, akija Tanzania kwa matembezi, hutoa dola 50 za Kimarekani akapewa viza ya kawaida. Viza hiyo ni ya kuingia mara moja, na kikomo cha ukaazi wake ni siku 90. Ipo viza ya pili, ya kuingia mara nyingi. Ada yake ni dola 100, muda wake ni miezi 12, na kila anapoingia mtu haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 kwa mfululizo. Raia wa Marekani wao hutozwa dola 100 hizo hata kama nia yao ni kuja mara moja tu. Mpita njia hutoa dola 30 akapewa siku zisizozidi 7. Tangu mwezi wa Novemba 2018 maombi haya hupelekwa pia kwa njia ya mtandao, kabla mtu hajapanda ndege.

Tena, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hulazimika kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44, nayo hudumu siku 92. Bima aliyokata huko atokako haimvui na hiyo.

Sasa na tufanye hesabu, kwani hesabu haina chama. Mume na mke waliozaliwa Wete, wenye paspoti za Uingereza, wakija mara moja watatoa dola 100 za viza na dola 88 za bima. Jumla ni dola 188, nao hawajanunua hata mkate. Wakija tena baada ya miezi sita, watatoa dola 188 nyengine, na jumla ya mwaka itakuwa 376. Wangechukua viza za kuingia mara nyingi tangu mwanzo wangetoa dola 200 za viza na 176 za bima, ambazo ni 376 vile vile. Faida yake huonekana safari ya tatu, ambayo haina ada mpya ya viza. Kwa hivyo anayekuja mara moja, viza ya kawaida yamtosha. Anayekuja mara mbili hapati hasara kwa kuchukua ile kubwa. Na anayekuja mara tatu asiidharau, ataokoa fedha na usumbufu.

Hapa Misigiri tunaiona sura nyengine ya jambo hili. Njia hii ndiyo ipitwayo na malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Dereva wa Kinyarwanda au wa Kirundi husimama hapa, akanywa chai, akanunua sabuni, akenda zake. Yeye halipi ada ya viza. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia na kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi 6. Hupita pia watalii wa pikipiki na baiskeli wanaokwenda kuiona Kigali. Hao tunawakumbusha kwamba viza ya kuingia mara moja ni ya mara moja. Mtu akivuka daraja la Rusumo, asijitumainie kuwa atarudi kwa karatasi ile ile.

Hatumhusudu dereva wa Kigali. Haki aliyopewa ni njema, na sisi tungependa ipanuke. Lakini yatupasa kuuliza: ikiwa jirani, kwa ujirani wake, anafunguliwa mlango kwa miezi sita bila ya ada, vipi mtoto aliyezaliwa Micheweni, aliyesoma chuoni Micheweni, ambaye makaburi ya wazee wake yako Micheweni, asimamishwe uwanjani katika safu ya watalii, aulizwe atashukia hoteli gani?

Asili ya jambo ni sheria ya uraia. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Achukuaye uraia wa nchi nyengine kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania. Mtoto anaweza kuwa nao wote wawili mpaka atimize miaka 18. Hapo hutakiwa kuchagua. Basi yule aliyeapa London akapata paspoti ya Kiingereza, siku ile ile alikuwa mgeni kwao, na kila ajapo hana budi kuja kwa mlango wa wageni.

Watasema baadhi ya watu: "Aliapa kwa hiari yake, na alijua." Neno "hiari" lina uzito, na si haki kulitamka kwa wepesi. Wapo waliokwenda kutafuta maisha, nao si wakosa. Lakini wapo pia waliotoka visiwani baada ya Januari 1964 na roho zao mikononi. Wapo waliovuka kwa mashua kwenda Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya Januari 2001 huko Pemba. Zaidi ya watu 2,000 walikimbilia huko. Wengi wa hao walirejea. Lakini katika miaka yote hiyo ya misukosuko, wapo Wazanzibari waliopata hifadhi katika nchi za mbali, wakazaa huko, na mwisho wakachukua paspoti za nchi zilizowahifadhi. Mtu aliyeshika ubao uliomfikisha pwani hawezi kuulizwa kwa nini hakuupenda mtumbwi wake.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtalii mwenye viza amepewa siku 90 na jembe amekatazwa kulishika, kwani viza ya matembezi haimruhusu kufanya kazi wala kuendesha biashara. Makatazo hayo ni ya haki kwa mgeni khasa. Lakini mwangalieni mwana wa nyumbani. Akiongoza shamba la karafuu la baba yake wakati wa mavuno, je, anatembea au anafanya kazi? Akikaa dukani kwa nduguye aliyelazwa hospitali, je, amevunja sheria? Mambo haya yameachwa kwa rai ya ofisa aliye mlangoni. Na ijulikane kwamba viza yenyewe si hati ya kuingia. Ofisa anaweza kumkataa mwenye viza. Raia hawezi kurudishwa kwao, lakini mgeni anaweza, hata kama amezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Hatuwezi kulikubali jambo hili nusu, tukaificha nusu ya pili. Wapo wageni khasa wanaotumia mlango wa utalii kwa hila. Mtu hukaa ufukoni siku 90, akenda Nairobi siku chache, akarudi kwa siku 90 nyengine, na mwaka ukapita hivyo, ilhali anafanya kazi ambayo kijana wa Nungwi au Paje angeiweza. Serikali ina haki, bali ina wajibu, wa kulizuia hilo. Nchi za Ulaya za Schengen zimelizuia kwa hesabu iliyo wazi: mgeni hapati zaidi ya siku 90 ndani ya kila siku 180, hata akitoka na kuingia mara ngapi. Hesabu kama hiyo huwabana wote sawa sawa, mwenye cheo na asiye nacho. Sisi wenye maduka tunajua kwamba mizani ikitundikwa mbele ya watu, mnunuzi hana haja ya kumbembeleza muuzaji.

Lakini dawa ya mgeni mwenye hila isimnyweshe mwana wa nyumbani. Nchi nyengine zimewatenga wawili hawa bila ya dhiki. Kenya iliruhusu uraia wa nchi mbili kwa Katiba yake ya mwaka 2010. Uganda imekwisha kuruhusu. Uhabeshi haikuruhusu, lakini kwa sheria ya mwaka 2002 iliwapa watu wenye asili ya huko kitambulisho cha kuwaondolea viza. India nayo haikuruhusu, lakini tangu mwaka 2005 huwapa wenye asili yake hati ya kuingia na kutoka maisha yao yote. Hakuna nchi katika hizo iliyozama.

Serikali ya Muungano nayo imekuwa ikizungumza khabari ya hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania. Twalipokea jambo hilo kwa mikono miwili, wala hatuna tabia ya kukataa jema kwa kuwa limetoka kwa mpinzani wetu. Ila ahadi hupimwa siku mtu anaposimama mbele ya dirisha. Aliyetoka Pemba usiku, bila ya cheti cha kuzaliwa, atathibitisha vipi asili yake? Mjukuu wa aliyeondoka 1964 atahesabiwa au atasahauliwa? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayotuonyesha kama mlango umefunguliwa au umepakwa rangi tu.

Kwa hivyo chama chetu kinapaswa kudai mambo manne.

Kwanza, uhamiaji na uraia ni katika mambo ya Muungano yaliyotajwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Wabunge wanaotoka visiwani wasikae kimya mambo haya yanapojadiliwa Dodoma, kwa kuwa Baraza la Wawakilishi haliwezi kuyatungia sheria.

Pili, mwenye asili ya Zanzibar apewe haki ya kuingia na kutoka bila ya viza, na ushahidi wa sheha na wa wazee wa mtaa upokewe pale ambapo cheti hakipo.

Tatu, bima ya dola 44 haikutoka Dodoma. Ufunguo wake uko Unguja. Serikali ya Zanzibar haina wa kumsingizia. Iandike wazi kwamba mzaliwa wa visiwa hivi, hata akiwa na paspoti gani, si mtalii.

Nne, kanuni za kuingia tena na tena ziandikwe kwa Kiswahili fasaha na zibandikwe uwanjani na bandarini: siku ngapi, mara ngapi, na jambo gani limekatazwa.

Mpaka hayo yapatikane, sheria iliyopo ndiyo sheria, na hatumshauri mtu kuivunja. Waambieni jamaa zenu walioko nje waombe viza mapema, na kwa mtandao wa serikali wenyewe, si kwa madalali. Wasome tarehe ya mwanzo na ya mwisho iliyoandikwa, wala wasihesabu kwa kukisia. Wajue kwamba viza ya miezi 12 haina maana ya kukaa miezi 12; kila safari ina kikomo cha siku 90. Wasiseme uongo mbele ya ofisa, kwani uongo mmoja wa mlangoni unaweza kumfungia mtu mlango siku ya maziko ya mama yake.

Dini yetu imemwekea msafiri fungu lake katika zaka, hata akiwa tajiri kwao, kwa kuwa njiani mtu ni dhaifu. Ikiwa ndiyo heshima ya mpita njia, heshima ya mwana anayerudi kwao ni ipi? Tunaomba wanachama walizungumze jambo hili katika matawi yao, Unguja, Pemba na huku bara, na majina ya jamaa wanaohusika yakusanywe na makatibu, ili siku ya kudai tuwe na hesabu mkononi, si malalamiko matupu.

Haki ya mtu kwao haiombwi kwa miezi mitatu mitatu.