Gari la kifahari si mahali pa kuweka mtaji

Mfanyabiashara wa mpakani akimaliza msimu mzuri wa mahindi, vitenge au vitunguu, hubaki na swali la mahali pa kuweka faida. Mmoja hununua kiwanja, mwingine huongeza bidhaa. Wapo pia wanaoagiza Range Rover Sport, BMW M5 au Mercedes-Benz ya AMG iliyotumika Uingereza au Japani, kwa hesabu kwamba gari litaendeshwa miaka miwili, liuzwe, na fedha zirudi karibu zote. Hesabu hiyo ina tundu, na tundu lenyewe limo katika bei ile ile inayowavutia.

Gari jipya la aina hii Ulaya mara nyingi hupoteza karibu nusu ya bei yake ndani ya miaka mitatu au minne. Anayemudu jipya hataki lililotumika. Asiyelimudu anaogopa gharama za kulitunza. Serikali nazo huongeza msukumo. Uingereza, gari la petroli au dizeli ambalo bei yake ya orodha ilizidi pauni 40,000 hutozwa kodi ya ziada ya barabara kuanzia mwaka wa pili hadi wa sita. Japani, ukaguzi wa lazima hufanyika gari jipya likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Kodi ya mwaka hupanda kwa ukubwa wa injini, na gari la petroli likivuka miaka 13 huongezewa nyingine. Mwenye injini kubwa hulipeleka mnadani mapema. Kinachoonekana Mombasa au Dar es Salaam kuwa bahati ni mzigo ambao mwenyewe wa kwanza ameutua.

Tena, kinachoshuka ni bei ya gari, si ya vipuri vyake. Gari lililouzwa dola 100,000 likiwa jipya, hata likifika dola 15,000, linaendelea kudai spea za gari la dola 100,000. Mifuko ya hewa inayobeba bodi huvuja, na gia za kisasa huhitaji fundi mwenye kompyuta yake. Katika baadhi ya injini za V8 turbo zimewekwa katikati ya safu mbili za silinda, mahali ambapo joto hukausha mipira na sili. Mnunuzi wa pili anayajua haya. Ndiyo maana huja na fundi, na ndiyo maana hupunguza bei.

Kwenye forodha mambo huwa mazito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaanzia kwenye bei iliyolipwa kweli. Kwa magari yaliyotumika, hata hivyo, mamlaka hutegemea orodha zao za bei na viwango vya uchakavu, kwa kuwa ankara za kughushi zipo. Kenya, kwa mfano, huanza na bei ya gari jipya na kuipunguza kwa umri. Kiwango cha umri ni kimoja kwa gari dogo lisiloshuka bei haraka na kwa gari la kifahari linaloporomoka. Chukua mfano wa kubuni: soko linasema dola 20,000, jedwali linasema dola 40,000. Kodi inatozwa kwa 40,000, na injini kubwa hubeba ushuru mkubwa zaidi. Fedha hizo atakayenunua baadaye hazirudishi. Yeye huangalia gari, haangalii stakabadhi za bandarini.

Hapo ndipo mfanyabiashara husema atalivusha mpaka akauze upande wa pili. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, lakini gari lililotengenezwa Ujerumani haligeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kusajiliwa Arusha. Likivuka Namanga kwenda kuuzwa, kodi za Kenya zinalisubiri, na likizidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa. Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri, ila hutoza ushuru wa uchakavu. Kisha upo usukani. Kati ya nchi wanachama nane, ni Kenya, Tanzania na Uganda pekee zinazoendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Gunia la mchele halina usukani.

Madalali hupenda kutaja magari yaliyopanda bei. Ni kweli yapo. McLaren F1, iliyotengenezwa kwa idadi ya 106 tu, iliuzwa mnadani Marekani Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni 20. Uchache ndio uliofanya kazi hiyo, na gari linalotoka kiwandani kwa maelfu kila mwaka halina uchache. Hapa kwetu linaloshikilia bei ni Land Cruiser, kwa sababu fundi wake na spea zake hupatikana hata mji mdogo wa mpakani.

Mamlaka za mapato za nchi wanachama zina deni hapa. Zichapishe kwa Kiswahili viwango vyao vya uchakavu mahali pamoja, na zitenganishe magari kwa jinsi bei zake zinavyoshuka sokoni. Mwenye hati halali za mnada na uthibitisho wa malipo ya benki apewe nafasi ya kweli ya kukadiriwa kwa bei aliyolipa, kama sheria ya pamoja inavyoanza kusema.

Mpaka hilo litokee, mwenye mtaji anaweza kufanya jambo moja kabla ya kutuma fedha Japani: aende yadi tatu za mjini kwake na kuuliza zitanunua kwa taslimu kiasi gani, leo, gari kama hilo ambalo tayari limesajiliwa na lina umri wa miaka miwili zaidi.