Masisi na Walikale: Greda ya zamani ipimwe kwanza kabla ya kutupwa kando ya barabara

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo kati ya Sake na Masisi-centre, kila mtu anajua kitakachofuata. Lori la kwanza linazama ndani ya matope. La pili linajaribu kupita pembeni, linainama upande wa bonde. Nyuma yao magari yanapanga mustari. Mama mwenye mimba anashushwa kwenye pikipiki na kubebwa juu ya kipoyi. Viazi vya Masisi vinaozea ndani ya magunia, na bei ya chumvi na sabuni inapanda Walikale bila mtu kutoa amri. Tukumbuke kwamba kuna wakati ndege zilikuwa zinatua kwenye kipande cha barabara kule Kilambo ili kubeba kasiterite ya Walikale, kwa sababu kuifikisha Goma kwa lori ilikuwa mateso.

Katika hali hiyo, ni uchungu kuona greda imesimama kando ya barabara, majani yamepanda hadi kwenye magurudumu yake, na watu wanasema tu: "Bwate imekufa." Nani aliipima? Mara nyingi hakuna. Mashine ilikataa kupanda mlima, dereva akashuka, mkubwa akapigiwa simu, na neno "bwate" likatosha kuwa hukumu. Maoni yangu ni haya: greda nyingi za zamani zinazoitwa maiti ni wagonjwa ambao hawajaonwa na daktari, na teritware zetu hazina uwezo wa kuzika wagonjwa walio hai.

Tuanze na kazi ya greda yenyewe. Salongo na wafanyakazi wa kantonaje wanaweza kufungua mifereji kwa jembe na beleshi, na wanastahili heshima. Lakini kurudishia barabara mgongo wake, yaani katikati pawe juu na pembeni chini ili maji yakimbilie mifereji, ni kazi ambayo mikono inaifanya kwa shida sana kwenye kilomita nyingi. Greda inaifanya kwa kupita mara chache. Mgongo ukipotea, maji yanalala katikati, magurudumu yanachimba, na baada ya mvua chache tunakuwa na shimo la kumeza lori. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa, bwate inapoteleza, fundi afanye nini? Kwanza ahakikishe kweli ni bwate. Dereva ashushe kisu, aingize vitesi, asukume udongo. Injini ikilia kwa nguvu na mizunguko ikapanda huku magurudumu yakisita, hapo bwate inateleza. Lakini injini ikizama na kutoa moshi mweusi, ugonjwa uko kwingine: filtri ya hewa, filtri ya mazutu, au injini yenyewe. Breki iliyoshika pia inaweza kudanganya. Kuna bwate zilizofunguliwa bure kwa sababu ya filtri ya hewa iliyojaa vumbi.

Pili, mafuta ya bwate. Yapimwe mashine ikiwa mahali tambarare, mafuta yakiwa ya moto, kwa namna kitabu cha mashine kinavyosema. Yakipungua, pompi inanyonya hewa na presha inaanguka, zaidi kwenye milima kama ile ya Masisi ambako mashine inainama kila saa. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, disiki zimeanza kuungua. Yakiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, maji yameingia. Yakitoa povu, kuna hewa inayopenya au yamejazwa kupita kiasi.

Tatu, filtri ikatwe na ifunguliwe, na kichujio chenye sumaku kitolewe. Hapo ndipo mashine inasema ukweli. Unga wa rangi ya shaba unatoka kwenye disiki. Vipande vya chuma vinavyong'aa vinatoka kwenye meno au beringi, na hiyo ni habari mbaya. Vipande vya mpira vinaonyesha sili zimekatika. Na kichujio kilichoziba peke yake kinaweza kufanya bwate nzima ionekane imekufa.

Nne, pedali. Kwenye greda nyingi, kama ile Caterpillar 140G iliyotengenezwa kuanzia miaka ya 1970, kuna pedali inayopunguza presha ya bwate ili mashine isogee polepole. Matope yakikauka chini yake, au vyuma vyake vikilegea, pedali hairudi hadi juu. Presha inabaki nusu, disiki hazishikani sawasawa, na kila saa ya kazi inaziunguza. Tiba yake ni kusafisha na kurekebisha. Tiba hiyo ikikosa, baada ya muda itabidi kweli kubadilisha disiki.

Tano, vitesi moja moja. Ikiteleza kwenye moja tu, ugonjwa uko kwenye disiki au sili za vitesi ile. Ikiteleza mbele kote lakini kurudi nyuma ni sawa, tafuta kwenye seti ya disiki za mbele. Ikiteleza kote, mbele na nyuma, usikimbilie disiki: tafuta pompi, kichujio, pedali na valvu inayotawala presha. Ikiwa nzuri asubuhi na kuanza kuteleza mchana mafuta yakiwa ya moto, sili au pompi zimechoka na presha inavuja.

Mwisho ni manometa. Inafungwa kwenye tundu lililowekwa na kiwanda, presha inasomwa mashine ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto, kisha inalinganishwa na kitabu cha mashine ile, si ya jirani. Fundi anayefungua bwate bila kupima presha ni kama daktari anayepasua tumbo bila kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Kama majibu yote yanasema ifunguliwe, ifunguliwe, lakini si kando ya barabara chini ya mvua. Ipelekwe kwenye garaji yenye sakafu safi. Disiki zibadilishwe pamoja na sili zake, na mipira na rejeta ya mafuta isafishwe yote. La sivyo unga wa zamani utakula piyesi mpya. Na mafuta yawe yale yanayotakiwa: kwa bwate nyingi za Caterpillar ni ya daraja la TO-4. Mafuta ya kawaida ya injini si mbadala, kwa sababu mengine yana dawa inayofanya disiki ziteleze.

Mtu ataniuliza: tunazungumza bwate wakati risasi zinalia? Ni kweli. Mwanzoni mwa 2025 Masisi-centre ilibadilisha mikono, na mwezi wa tatu mwaka huohuo vita vikafika Walikale-centre. Lakini tope haliulizi nani anatawala kijiji. Mgonjwa anayebebwa kwa kipoyi hachagui upande. Na mashine mpya ikiletwa leo bila mtu wa kuitunza, itafuata njia ile ile ya zile za zamani.

Mwingine atasema mashine za zamani zimechoka, zinunuliwe mpya. Zikipatikana, tutashukuru. Lakini greda mpya yenye kompyuta ndani yake inahitaji fundi mwenye vyombo vya kompyuta na mafuta safi zaidi. Ile ya zamani inaweza kutengenezwa na fundi wa hapa mwenye funguo, manometa na kitabu. Kwenye barabara zetu hilo ni jambo kubwa.

Nchi yetu ina Office des Routes tangu 1971, na sheria ya 2008 iliunda FONER, mfuko wa kutunza barabara unaolishwa na pesa inayokatwa kwenye mafuta ya magari na kwenye peaji. Kutunza barabara bila kutunza mashine ni kuchota maji kwa kapu. Ndiyo maana naomba mambo manne, na hayahitaji mkutano wa kimataifa. Kila greda iwe na daftari: saa za kazi, siku mafuta yalipobadilishwa, kilichoonekana ndani ya filtri. Kila mradi wa barabara unaohesabu mazutu uhesabu pia mafuta ya bwate, filtri na sili. Kila kituo cha mashine kiwe na manometa na kitabu. Na wanafunzi wa shule za ufundi wa Goma walio na hamu ya makanika walete mikono yao kwenye mashine hizi, ili wazee wanaozijua wasiondoke na ujuzi wao.

Jambo moja zaidi, na hili ni kwa wakubwa wanaomwambia dereva "jikaze tu, maliza kipande hiki." Bwate inayoteleza kwenye mteremko wa Masisi inaweza kuachia katikati ya mlima, na mashine ya tani zaidi ya kumi ikaanza kurudi nyuma, ambako watoto wamesimama kuitazama. Dereva anayesimamisha greda kwa sababu hiyo si mvivu. Asikilizwe, na siku hiyo hiyo mtu aje na manometa.